Kanda ya harusi ina wenyewe wangapi?

Kanda yenyewe ni ya dakika 60, nusu saa kila upande, na juu yake pameandikwa neno moja tu, kwa herufi za Kiarabu: vugo, ile ngoma ya harusi ya wanawake, inayopigwa kwa pembe na vijiti. Shangazi yangu aliitoa sandukuni mwaka juzi. Ilikuwa imefungwa ndani ya kipande cha leso pamoja na picha mbili na risiti ya studio. Ilirekodiwa hapa Lamu, mtaa wa Mkomani, usiku wa harusi ya miaka ya sabini. Mmoja wa wanawake aliiweka redio kaseti dirishani, akabonyeza kitufe chekundu, kisha akaenda zake kuchukua pembe yake. Pembe zinalia, vijiti vinagonga, wanawake wanaimba na kuitikiana, mtu anacheka karibu mno na dirisha. Ikifika dakika ya 17 hivi, redio ya nyumba ya pili inaingia na wimbo wa filamu ya Kihindi, sekunde 40, halafu mtu anaizima.

Mwana wa dada yangu aliigeuza kanda ile kuwa faili, akaipamba kwa zile picha mbili, akaipakia kwenye mtandao wa video. Nia yake ilikuwa safi kabisa. Kabla ya Magharibi yalikuwa yamempata mambo matatu. Mtandao ulimwandikia kwamba ndani ya video yake mna kazi yenye mwenyewe, kampuni ya mbali ambayo hata jina lake hatukuwahi kulisikia. Jamaa yetu wa Malindi akapiga simu, sauti inatetemeka: "Mumeitia sauti ya mamangu duniani kwa idhini ya nani?" Na kwenye kundi la ukoo la WhatsApp ami mmoja akaandika, bila haraka, kwamba vugo si mali ya mtu, ni la Waamu wote, watu wa Lamu, basi kelele za nini?

Ukiwasikiliza mmoja mmoja, kila mmoja ana haki. Shida ni kwamba hawakuwa wakizungumza juu ya kitu kimoja. Kampuni ilikuwa ikidai wimbo wa redioni, jamaa wa Malindi alikuwa akidai heshima ya mamake, na ami alikuwa akiitetea ngoma. Kanda moja, madai matatu, na hata shangazi mwenye sanduku hajasema neno.

Tuanze na hicho kinachoshikika. Kanda, karatasi ya picha, albamu: hivi hurithiwa kama sinia au kitanda cha pembe, na hapa hapana utata. Kanda ni ya shangazi. Lakini kumiliki kanda si kumiliki kilichomo ndani yake. Kitabu ulichonunua dukani unaweza kukiazimisha, kukiuza, hata kukifungia maandazi ukipenda, ila huwezi kukipiga chapa upya na kukitembeza mitaani. Nchini Kenya mstari huo umechorwa na Sheria ya Hakimiliki ya 2001, na sheria hiyo haikioni kitu kimoja pale tunapokiona sisi.

Chukua kanda ya taarabu ndiyo utaelewa. Sauti ya wimbo, yaani lahani yake, huenda ilitoka kwenye filamu ya Kihindi au santuri ya Misri, maana taarabu ya pwani imekopa huko miaka na miaka na haioni haya. Maneno ni ya mshairi wa hapa. Mwimbaji ni mwingine, mpiga udi na mpiga fidla ni wengine tena. Aliyerekodi na kuuza kanda ni duka la Mombasa, mfano wa Mbwana Radio Service, ambalo kanda zake zilifika mpaka huku kwetu kwa majahazi na mabasi. Kila mmoja wa hao ana haki yake, na kila haki ina umri wake. Maneno na lahani ya wimbo hulindwa maisha yote ya mtungaji na miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka aliofariki. Rekodi yenyewe, yaani ile kazi ya kunasa sauti, hulindwa miaka 50 tangu mwisho wa mwaka iliponaswa. Kwa hiyo kanda iliyorekodiwa 1974, haki ya rekodi imekwisha mwisho wa 2024. Lakini ikiwa mshairi alifariki 1990, maneno yake yana mwenyewe hadi mwisho wa 2040. Mtu akikwambia wimbo fulani ni wa zamani na kwa hivyo ni wa bure, muulize ni wa zamani upande upi.

Siti binti Saad ni mfano rahisi zaidi. Alirekodi santuri zake za mwanzo Bombay mwaka 1928, akafariki 1950. Kwa hesabu ya Kenya, rekodi zile zilishatoka kifungoni zamani, na nyimbo alizotunga mwenyewe pia. Tatizo letu la kila siku haliko kwa Siti. Liko kwenye kanda za baba zetu, ambazo nusu ya waliomo bado wanakutana nasi sokoni.

Na vugo je? Hapa hajulikani aliyetunga, na ndipo ami alipoegemea. Kenya ilipitisha mwaka 2016 sheria ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za jadi, na sheria hiyo inaipa jamii yenyewe haki juu ya ngoma zake, nyimbo zake na hadithi zake. Haki hii haihesabiwi kwa miaka 50. Mwenye mila hahitaji karatasi ya mtu ili kupiga vugo harusini kwake. Anayetaka kulichukua akalitie kwenye tangazo la biashara ndiye anayepaswa kubisha hodi kwanza. Kwa hiyo ami alisema kweli, ila aliishia nusu. Vugo ni la Waamu. Vugo la usiku ule ni la wanawake wa usiku ule. Wale waliopiga na kuimba ni wasanii mbele ya sheria kama alivyo mwimbaji wa jukwaani, hata kama malipo yao yalikuwa sahani ya pilau.

Sasa ile kampuni. Wengi wetu tukipata ujumbe wa namna ile huona kuna mtu fulani ofisini aliyekaa, akasikiliza, akakasirika. Hakuna mtu. YouTube, kwa mfano, tangu 2007 wana mtambo uitwao Content ID. Mwenye wimbo huukabidhi mtambo wimbo wake, nao huutengenezea alama, mfano wa alama ya kidole. Kila video inayopakiwa hupitishwa kwenye ghala la alama hizo. Ikipatikana inayofanana, dai hutoka lenyewe. Mitandao mingine ina mitambo ya jinsi hiyohiyo. Mtambo uliokutana na kanda ya shangazi haukujali pembe wala waimbaji. Uliusikia wimbo wa jirani kupitia dirishani, ukaujua, ukaandika dai.

Mtambo huo pia hauulizi uko nchi gani. Rekodi ya wimbo wa filamu wa 1973 imeshamaliza miaka yake 50 hapa Kenya, lakini India hulinda rekodi miaka 60, kwa hiyo huko bado ina mwenyewe hadi mwisho wa 2033. Jambo ambalo si kosa Lamu huweza kuwa dai halali Mumbai, na video ni moja.

Ni vyema pia kutofautisha dai na onyo, kwa sababu kijana wetu alilala usiku ule akidhani ataitwa mahakamani. Dai la mtambo kwa kawaida humwachia mwenye wimbo kuchagua: aiache video na achukue pesa za matangazo, au aizuie isionekane, pengine nchi fulani tu. Onyo ni jambo jingine, huja pale mwenye kazi anapoandika rasmi kutaka video iondolewe, na kwa YouTube maonyo matatu ndani ya siku 90 yanaweza kuifunga chaneli. Dai unaweza kulipinga, na mwenye kudai ana siku 30 za kujibu. Au unaikata ile sehemu.

Kijana akaikata. Sekunde 40 zikatoka, dai likatoka nazo. Mimi ndiye niliyesikitika, na nitaeleza kwa nini. Shangazi hakumbuki mwaka wa harusi ile; hukumbuka tu kwamba kaskazi ilikuwa imeanza kulegea. Wimbo wa filamu una mwaka wake unaojulikana, na harusi haiwezi kuwa ya kabla ya wimbo kutoka. Redio ya jirani ndiyo tarehe pekee tuliyokuwa nayo. Tulichojifunza ni kwamba nakala ya kupakia ni moja na nakala ya kuweka ni nyingine, na ya kuweka haiguswi, iwe ina kelele, kikohozi au redio ya watu.

Nimeliacha la jamaa wa Malindi mpaka sasa kwa sababu ndilo gumu. Hakimiliki haimsaidii sana. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamlinda mtu aliye hai, na mambo ya ndani ya familia imeyaacha nje. Mamake amefariki, Mungu amrehemu. Ukienda kwa wakili na hoja ile huenda akakutazama kwa huruma tu. Lakini Lamu haijawahi kuendeshwa na wakili peke yake. Kwenye kupamba hapa, sherehe ya wanawake ya kumwonyesha bibi harusi, simu huachwa mlangoni, na hakuna anayeuliza ni kifungu gani cha sheria. Wanawake wa mji huu waliwahi kutembea barabarani ndani ya shiraa, hema la kitambaa linalochukuliwa kwa miti, sura haionekani wala umbo. Wajukuu zao walipiga picha za studio nywele wazi miaka ya sitini na sabini, na wengine wao, waliporudi kutoka Hija, wakapita nyumba kwa nyumba wakiziomba picha zile zirudi. Wengine walizichana. Picha ni ileile. Aliyebadilika ni mwenye sura.

Kilichonisaidia kuelewa ni nyumba yenyewe ya Kiamu. Ina daka mbele, mahali pa kumkaribisha mgeni, mtu anakaa, anapewa kahawa, anazungumza, hajaingia ndani bado. Kisha kiwanda, yaani ua wa ndani, kisha vyumba, na kila ukivuka hatua moja waliokuruhusu wanapungua. Wanawake wa usiku ule walikuwa kiwandani wakiimbiana wenyewe. Maneno ya vugo, anayeyajua anajua, si yote ya kusikiwa na mashemeji. Kanda ilipokaa sandukuni ilikuwa bado kiwandani. Ilipopakiwa mtandaoni ilivushwa milango yote kwa mpigo mmoja, maana mtandao hauna daka.

Kwa hiyo swali ninalouliza siku hizi, kabla ya lile la nani anamiliki, ni hili: walikuwa wakimwimbia nani? Kirumbizi cha pwani wakati wa Maulidi kinachezwa mbele ya mji mzima na wageni waliokuja kwa ndege; fimbo zinapigana mchana kweupe, zumari inalia, na aliyeingia uwanjani amekubali kutazamwa. Matari ya mbele ya msikiti wa Riyadha, vivyo hivyo. Kuyasambaza hayo hakumvui mtu sitara. Vugo la ndani, nyimbo za kumwosha bwana harusi, sauti ya bibi akimbembeleza mtoto: hapo omba ruhusa, na kama aliyeimba hayupo, waombe wanawe, na wanawe wakikataa, basi imekataliwa. Kundi la ukoo la watu 40 ni kiwanda. Chaneli iliyo wazi ni gati, na majahazi ya kila bandari hufunga pale.

Zile picha mbili nazo zina yake. Moja ni ya bibi yetu amesimama kando ya meza yenye maua ya plastiki, nyuma yake pazia lililochorwa. Risiti inaonyesha alilipa yeye. Watu wengi hudhani picha ni ya mpiga picha siku zote. Sheria ya Kenya inasema kazi iliyoagizwa na kulipiwa, haki yake huhamia kwa aliyeagiza, isipokuwa kama walikubaliana vingine. Kwa hiyo picha ya studio ya familia aghalabu ni ya familia, ingawa negativu ilibaki kwa mpiga picha. Lakini si kila picha ya zamani iliagizwa na aliyemo. Kadi za posta za mwanzo wa karne iliyopita zilizopigwa na wapiga picha wa Kigoa (wenye asili ya Goa, India) wa pwani, kama A. C. Gomes wa Zanzibar, zilipigwa ili ziuzwe. Jina la mpiga picha limechapwa, jina la mwanamke aliyeketi mbele ya kamera halimo. Na kuna mafundi ambao kazi yao haifanani na ya mtu: Studio ya Bakor ya hapa Lamu ilijulikana kwa kukata picha na kuzipanga upya, kichwa cha mtu kikachomoza pasipotarajiwa, na yote yalifanywa kwa mkasi na gundi. Picha ya namna hiyo ukiisambaza bila kutaja studio umeondoa nusu ya habari.

Umri wa hakimiliki ya picha ni miaka 50, lakini huhesabiwa tangu ilipopigwa, au ilipotolewa hadharani, au ilipochapishwa mara ya kwanza, ule mwaka ulio wa mwisho. Kadi ya posta ya 1910 haina shida. Picha ya 1965 ambayo haijawahi kutoka sandukuni ni habari tofauti, na kuipakia leo kunaweza kuwa ndiyo mara yake ya kwanza kuiona dunia.

Igeuze picha. Nyuma ya ile ya bibi mna muhuri wa studio, namba ya negativu, na mwandiko wa penseli: majina matatu na neno "Idi". Kijana wetu aliipiga picha upande wa mbele tu. Ndivyo tufanyavyo wengi, na ndiyo sababu makundi yetu yamejaa watu wazuri wasio na majina. Ikifika WhatsApp inapewa jina la faili kama IMG-20230421-WA0007, yaani siku ulipoipokea wewe. Baada ya miaka kumi mjukuu ataamini bibi alipigwa picha mwaka 2023.

Na inapungua. Picha ya inchi 3.5 kwa 5 ukiiskani kwa dipiai 600, yaani nukta 600 kwa inchi, unapata pikseli 2,100 kwa 3,000, milioni sita na zaidi. Ukiituma WhatsApp kwa njia ya kawaida, upande mrefu hushushwa hadi kama 1,600, kwa hiyo zinabaki milioni mbili kasoro. Nyuso za harusi kwenye safu ya nyuma ndizo zinazopotea. Itume kama hati badala ya picha, itafika kama ilivyo. Ukipokea iliyopunguzwa, usiikate ukaituma upya, wala usipige skrini ukaita hiyo nakala; omba faili asilia kwa aliyeskani.

Picha ya pili ni ya rangi na imegeuka nyekundunyekundu. Haikupigwa vibaya. Picha za rangi za wakati ule zina tabaka tatu za rangi, na ile ya samawati ndiyo hufifia kwanza hata gizani, ikabaki nyekundu na manjano. Za nyeusi na nyeupe hutengenezwa kwa madini ya fedha, ndiyo maana bibi bado anaonekana wazi na shemeji zake wa miaka kumi baadaye wanafanana na embe lililoiva. Kama picha imeganda kwenye kioo cha fremu kwa unyevu wa bahari, usiibandue; utabaki na karatasi nyeupe, na uso utakuwa umekwenda na kioo. Iskani humohumo na kioo chake.

Kanda ni mvivu zaidi: dakika 60 zinataka dakika 60, hapana njia ya mkato. Ipeleke mbele na nyuma kwanza kwa kalamu ya risasi kama zamani, maana utepe uliolala miaka 40 hushikana. Safisha hedi ya redio, kile kichwa kinachosoma utepe, kwa spiriti na pamba. Unganisha kwa waya, usiweke simu mbele ya spika, utarekodi na punda wa nje. Faili la kuweka liwe WAV, biti 24 kwa kilohezi 48, kama gigabaiti moja kwa saa. La kutumiana MP3, ambayo kwa kiwango cha kilobiti 128 kwa sekunde haizidi megabaiti 60 kwa saa na kila simu italipokea.

Video zinazozunguka sijazitaja sana, na sina mengi. Kipande cha zamani cha Lamu kinapokuja na alama ya mishale miwili, kimepita mikono mingi na maelezo yake huenda si yake. Nimeona bandari ya mji mwingine ikiitwa Lamu na watu wakilia machozi ya kumbukumbu. Tuma kiungo badala ya faili. Kiungo kina jina la aliyepakia, na ukikosea unaweza kufuata nyuma.

Walipotaka kuhifadhi miswada ya msikiti wa Riyadha, maandiko ya mkono, kazi ya kuipiga picha ilifanyika chini ya mpango wa Maktaba ya Uingereza wa nyaraka zilizo hatarini. Picha za kidijitali ndizo zilizosafiri, karatasi zenyewe hazikuondoka mjini. Sisi tuliiga hilo kwa udogo wetu. Kanda ilirudi sandukuni. Flashi tatu, nyumba tatu, moja Malindi kwa jamaa aliyepiga simu. Video ilishushwa, na badala yake kundi la ukoo lina dakika nne ambazo wote wamezikubali.

Siku ya kwanza shangazi aliposikiliza kwa hedifoni, nilikaa na daftari. Alifumba macho, akawa anawataja kwa sauti zao: huyu fulani, huyu binti wa fulani, huyo anayekosa pigo ni mimi. Majina 11. La 12, yule anayecheka karibu na dirisha, alilijua, nikaliona kwenye uso wake, lakini akatikisa kichwa.

"Huyo yu hai," akasema. "Nyumba ya tatu kutoka hapa. Nenda kamuulize mwenyewe."